Kichaka cha maua ya njano Nyanda za Juu Kusini: alamanda, tekoma, oleanda ya njano au yuriopsi?

Mtu anayetaka maua ya njano nyumbani kwake Mbeya, Iringa au Njombe hakosi mche wa kununua. Vitalu vya kando ya barabara vimejaa miche, na mche wenye maua mawili matatu ndani ya kiriba humshawishi mnunuzi haraka. Shida huonekana Julai, mche uliopendeza Desemba unapobaki vijiti vitupu na mwenye nyumba akadhani ameuwekea mbolea kidogo. Mara nyingi mbolea haihusiki kabisa. Mmea ulitoka nchi ya joto ukapandwa mahali pa baridi, au ulipenda ukavu ukapandwa palipotuama maji.

Vichaka vinne tunavyolinganisha hapa ndivyo watu huvifikiria zaidi wakitaka njano: alamanda (*Allamanda cathartica*), tekoma (*Tecoma stans*), oleanda ya njano (*Cascabela thevetia*) na yuriopsi (*Euryops pectinatus*). Vyote vinapendeza, ila kila kimoja kina mahali pake.

Vigezo vya kupima kabla ya kuchagua

Anza na baridi, kwa sababu huwezi kuibadilisha. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, jiji la Mbeya karibu mita 1,700. Kwa mwinuko huo peke yake, Mbeya ina baridi zaidi kwa nyuzi kama 7. Iringa mjini iko karibu mita 1,600, Mafinga na Njombe ziko juu zaidi, na Makete inazipita zote hizo. Hata hivyo mwinuko hautoshi kukueleza yote. Hewa ya baridi ni nzito, usiku huteremka na kutuama mabondeni. Nyumba mbili za kijiji kimoja zinaweza kuamka tofauti: ya bondeni imepigwa na jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, na ya mteremkoni haikuguswa. Njia rahisi ya kujua ni kutazama migomba, maboga na viazi vitamu vya jirani mwezi Juni na Julai. Majani yakiungua ghafla na kugeuka meusi baada ya usiku mmoja wa anga safi, jalidi inafika hapo.

Cha pili ni udongo na maji. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Iringa mjini haifiki nusu ya hizo. Udongo wa majivu ya volkeno wa Rungwe na sehemu za Mbeya hupitisha maji vizuri, ilhali udongo mwekundu mzito huyashikilia. Pima hivi: chimba shimo la sentimita 40, lijaze maji, yakinywewa lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo baada ya saa 4, panda juu ya tuta au tafuta mahali pengine.

Vigezo vinavyobaki ni nafasi uliyonayo, usalama wa watoto na mifugo, na kazi utakayokubali kuifanya kila mwaka. Cha usalama kisichukuliwe kama nyongeza. Kati ya vichaka hivi vinne, kimoja kina mbegu zinazoweza kuua.

Alamanda

*Baridi.* Hapa ndipo alamanda inapokwama. Asili yake ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na joto likikaa chini ya nyuzi 10 huacha kukua, majani yakawa ya njano na kudondoka. Jalidi huua matawi, na mche mchanga hufa wote. Kyela, Usangu na maeneo ya chini ya Chunya inastawi bila kubembelezwa. Mbeya mjini na Iringa mjini inaweza kuishi ikipandwa mbele ya ukuta unaopigwa na jua la mchana, kwani ukuta hutunza joto na kulitoa usiku. Njombe, Mafinga na Makete tusingeshauri kuipanda nje.

*Udongo na maji.* Inataka udongo wenye mboji, unaopitisha maji, wenye uchachu kidogo. Kwenye udongo wenye chokaa majani machanga hupauka huku mishipa ikibaki kijani, dalili kwamba mmea hauwezi kufyonza madini ya chuma. Wakati wa mvua haina tatizo. Kosa kubwa hufanyika wakati wa kipupwe: majani yakianza kugeuka njano mwenye mmea huongeza maji, na mizizi iliyolala ndani ya udongo wa baridi uliolowa huoza. Kuanzia Juni hadi Agosti, mwagilia pale tu udongo ukikauka sentimita 5 kwenda chini.

*Umbo na nafasi.* Kwa asili hutambaa na kupanda, ingawa haina vikonyo vya kujishikia. Lazima uifunge wewe mwenyewe kwenye waya au fito. Ukikata vichwa vya matawi mara kwa mara hukaa kama kichaka cha mita 1.5 hadi 2. Maua yake ndiyo makubwa kuliko ya wenzake, na ya aina bora hufika sentimita 10 kwa upana. Asiyetaka kujenga fremu aulizie ndugu yake, *Allamanda schottii*, inayosimama yenyewe na yenye maua madogo yenye michirizi ya kahawia kooni. Vitaluni zote huitwa alamanda tu, kwa hiyo tazama ua, kisha tazama kama matawi yanasimama au yanalala.

*Usalama.* Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho, na ukiliwa huharisha. Vaa glavu unapopogoa.

*Kazi ya mwaka.* Hutoa maua kwenye matawi mapya, kwa hiyo pogoa mwishoni mwa Septemba, baridi ikiisha na kabla ya mvua, ukiondoa hadi theluthi moja ya urefu. Ukipogoa Mei unaamsha machipukizi laini yatakayokutana na baridi ya Juni. Kiangazi, utitiri hushambulia upande wa chini wa majani. Jani huwa na vidoa vyeupe vidogo na utando mwembamba. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, siku 3 mfululizo, kisha pulizia maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kwa lita 2. Alamanda yenye majani mengi bila maua ina moja kati ya sababu mbili: inapata jua chini ya saa 6, au imepewa urea kwa wingi. Hakuna mbolea itakayoponya kivuli.

*Kuzalisha.* Kata vipandikizi vya sentimita 12 hadi 15 kutoka tawi lisilo laini sana wala gumu. Vioshe utomvu kwa maji ya uvuguvugu, viache vikauke saa moja au mbili, uvichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na pumba za mpunga zilizochomwa, nusu kwa nusu. Funika kwa nailoni angavu na uviweke kivulini. Oktoba hadi Februari hutoa mizizi kwa wiki 4 hadi 8. Juni vitaoza kabla ya kutoa mizizi.

*Inamfaa* mwenye eneo la joto, au mwenye ukuta wa jua na muda wa kuihudumia, anayetaka ua kubwa lenye heshima pale mlangoni.

Tekoma

*Baridi.* Inastahimili zaidi ya alamanda. Jalidi nyepesi huunguza ncha na majani, lakini shina hubaki hai na huchipua tena chini Septemba. Mbeya, Iringa, Makambako na Tukuyu inakaa vizuri. Njombe itategemea kama uko bondeni au juu. Kwenye bonde lenye jalidi kila mwaka, itaishi kwa kuanza upya kila mwaka, na haitawahi kuwa kichaka kinene.

*Udongo na maji.* Haichagui sana. Ikishapita kiangazi chake cha kwanza, huhitaji kumwagilia isipokuwa Septemba na Oktoba, tena mara moja kwa wiki. Kinachoichukiza ni maji yaliyotuama.

*Umbo na nafasi.* Huenda mita 3 hadi 6 ukiiacha. Ukiikata huwa ua, yaani uzio wa mimea, wa mita 2 unaoficha jikoni la nje au tangi la maji. Kwa ua panda kwa mita 1 hadi 1.2, kwa mmoja mmoja acha mita 3, na usiisogeze karibu na ukuta chini ya mita 2. Maua yanakaa kwa mashada kama kengele. Nyuki na ndege aina ya chozi huyafuata tangu asubuhi, jambo ambalo mwenye mizinga au shamba la maboga jirani atalifurahia.

*Usalama.* Haina utomvu mweupe, na kwa nyumba yenye watoto ni chaguo tulivu. Hatari yake ni kwa mazingira. Kila ua lililobaki hugeuka ganda refu lenye mbegu nyepesi zenye mabawa, zinazopeperushwa mbali. Afrika Kusini imeiorodhesha kisheria kuwa mmea vamizi. Huku kwetu pia utaiona imejiotea kandokando ya barabara na kwenye viwanja visivyojengwa. Anayeishi karibu na msitu wa asili, mto au hifadhi asiipande kama hana nia ya kukata maganda kila wiki 3. Kwa hili hatuna huruma: mmea mzuri ukitoroka hugharimu majirani wote.

*Kazi ya mwaka.* Kukata maganda mabichi kunazuia kusambaa, na pia kunaifanya itoe maua tena, kwa sababu nguvu haiendi kulisha mbegu. Kila Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kata matawi yote hadi sentimita 60 au mita 1 kutoka ardhini. Wengi huogopa mkato huo, halafu hulalamika kwamba maua yako juu kabisa na chini kumebaki miti mitupu. Tekoma huchanua kwenye ncha za matawi mapya. Usipoikata, ncha zinakwenda juu na maua yanakwenda nazo.

*Kuzalisha.* Mbegu mpya huota kwa wiki 2 hadi 3 zikifunikwa na udongo wa nusu sentimita tu. Mche wa mbegu unaweza kuchanua ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili.

*Inamfaa* mwenye kiwanja kikubwa, maji kidogo na mkasi unaotumika.

Oleanda ya njano

*Baridi.* Iko kati ya alamanda na tekoma. Baridi ya Iringa mjini na Mbeya huivumilia, jalidi ya kujirudia inaimaliza.

*Udongo na maji.* Huvumilia udongo maskini, kichanga cha mawe na kiangazi kirefu. Ni katika ardhi kavu ya Isimani au Pawaga ndipo inapoonyesha ubora wake, vichaka vingine vikiwa vimenyauka.

*Umbo na nafasi.* Huwa kichaka kirefu au mti mdogo wa mita 3 hadi 6, wenye majani membamba yanayong'aa na maua yenye harufu nzuri. Huachia kivuli chepesi.

*Usalama.* Soma sehemu hii kabla ya kuvutiwa na uzuri wake. Sehemu zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu ndizo kali kupita zote. Mbegu chache zinaweza kumuua mtoto. Tunda lake ni la kijani, likikomaa huwa jeusi, na lina umbo ambalo mtoto huliokota kuchezea. Mifugo iko hatarini pia, hasa ikitupiwa matawi yaliyokatwa. Usitumie kuni zake kupikia wala vijiti vyake kuchomea mishikaki. Mtu akila sehemu yoyote, mpeleke hospitali mara moja na uchukue kipande cha tunda au jani. Usisubiri dalili, usimtapishe nyumbani, usipoteze muda na maziwa.

Vitaluni hutokea mche huu kuuzwa kwa jina la tekoma, au kinyume chake. Kagua jani. La tekoma limegawanyika katika vijani kadhaa vyenye kingo za msumeno kwenye kikonyo kimoja, la oleanda ni moja moja, jembamba kama ukanda. Ukivunja oleanda hutoka utomvu mweupe.

*Kazi ya mwaka.* Ni ndogo: kupogoa kidogo baada ya mvua kwa glavu na nguo ya mikono mirefu, na kuokota matunda yote yaliyoanguka. Hilo la pili lisiachwe hata wiki moja.

*Inamfaa* mwenye eneo kavu lililozungushiwa uzio, lisilo na watoto, mbuzi wala ng'ombe. Kwa shule, zahanati, kanisa, msikiti na nyumba yenye watoto wadogo, tunasema isipandwe.

Yuriopsi

*Baridi.* Ndiyo bingwa wa baridi katika kundi hili. Asili yake ni Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, na huvumilia jalidi ya nyuzi chache chini ya sifuri. Njombe na Makete huendelea kuchanua miezi ambayo bustani nyingine imelala. Peleka Kyela, nayo itadhoofika kwa joto.

*Udongo na maji.* Udongo mwepesi, jua la siku nzima, maji ya wastani. Tukuyu, kwenye mvua nyingi, ipande juu ya tuta la sentimita 30 lililochanganywa na mchanga. Usipofanya hivyo shina huoza pale linapoingia ardhini na mmea mzima kunyauka ghafla ukiwa na maua.

*Umbo na nafasi.* Mita 1 hadi 1.5, majani ya kijivu yaliyochanika kama manyoya, maua mfano wa alizeti ndogo za sentimita 5. Panda kwa sentimita 80. Matawi yake huvunjika kirahisi, kwa hiyo mahali pa upepo kama Makambako itafutie kinga ya ukuta au ua mwingine.

*Usalama.* Haina utomvu unaowasha wala matunda ya kuvutia watoto, ila si chakula cha mifugo.

*Kazi ya mwaka.* Kata maua yaliyokauka, na baada ya mchanuo mkubwa punguza theluthi moja. Usikate hadi kwenye mti mgumu usio na majani, hapo mara nyingi haichipui. Haikai miaka mingi: baada ya miaka michache huwa na miguu mirefu mitupu, na dawa ni kuotesha vipandikizi vya sentimita 10 mapema na kuweka vipya.

*Inamfaa* mkaaji wa baridi, mwenye bustani ndogo au kijia cha kuingilia nyumbani.

Kupanda, kwa vyote vinne

Panda kati ya mwishoni mwa Novemba na Januari, ili mizizi ipate miezi isiyopungua minne kabla ya baridi. Kwa alamanda, tekoma na oleanda chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Kwa yuriopsi sentimita 40 zinatosha. Tenga udongo wa juu, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza vizuri (nusu debe kwa yuriopsi), kisha jaza. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mchwa. Chana kiriba, usivute mche kwa shina, na mizizi iliyojizungusha chini ikate kwa kisu. Mche ukae kina kilekile ulichokuwa nacho kwenye kiriba. Mwagilia lita 10, weka matandazo ya majani makavu unene wa sentimita 5, ukiacha upana wa kiganja kuzunguka shina.

Mche uliotoka pwani au Morogoro chini ya neti, uzoeshe kwanza kwa wiki 2: jua la asubuhi tu, halafu ongeza taratibu. Wiki 6 baada ya kupanda weka gramu 50 za mbolea ya NPK 17:17:17, mbali na shina, juu ya udongo uliolowa, urudie kila mvua zinapoanza. Usiweke mbolea ya chumvichumvi baada ya Machi.

Usiku wa jalidi, funika kwa magunia yaliyoshikiliwa na vijiti, ufunue jua likitoka. Nailoni inayogusa majani hupitisha baridi. Mmea ukiungua, usikate kitu hadi Septemba: matawi yaliyokufa yanakinga ya chini. Kisha kwangua gome kwa ukucha ukianzia juu. Penye kijani pako hai, kata juu yake kidogo.

Kwa hali yako

Ukikaa Kyela, Usangu au penginepo pa joto na una maji, alamanda itakulipa kwa maua makubwa karibu mwaka mzima. Maji yakiwa shida, tekoma.

Mbeya mjini au Iringa mjini, tekoma hukupa ua mrefu kwa taabu ndogo. Alamanda moja mbele ya ukuta wa jua inawezekana kama utaihudumia. Yuriopsi hujaza mbele ya nyumba pale usipotaka kitu kirefu. Unaweza pia kupanda tekoma nyuma na yuriopsi mbele yake, umbali wa mita 1.5, na njano haitakatika.

Njombe, Makete na mabonde ya Mufindi, yuriopsi. Ukitaka kitu kirefu, jaribu tekoma mteremkoni, mbali na bonde.

Tukuyu, tekoma au alamanda aina ya kusimama, upande wenye jua, na kila mmea juu ya tuta. Palipo karibu na msitu acha tekoma kabisa.

Ardhi kavu isiyo na mtu wa kumwagilia, chaguo ni tekoma au oleanda. Watoto au mbuzi wakipita hapo, inabaki tekoma.

Aliyepanga nyumba apande yuriopsi au alamanda ndogo kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu matano chini, yenye udongo, mboji na mchanga kwa sehemu sawa. Juni alamanda iingizwe barazani usiku. Yuriopsi ibaki nje.